Maswali na majibu: Popelka, mashetani na wachawi wa filamu za Kicheki

Nilipogusia hapa filamu za hadithi na za kihistoria za Wacheki, maswali yalimiminika. Nimejibu yale yaliyorudiwa na wengi.

Nimemwona Sindirela wao. Anapanda farasi, anapiga upinde, na kila mahali ni theluji. Huyu ni Sindirela gani? (Msomaji wa Arusha)

Anaitwa Popelka, jina lililotokana na *popel*, yaani majivu. Filamu yenyewe ni *Tři oříšky pro Popelku*, "Njugu Tatu za Popelka", iliyoongozwa na Václav Vorlíček mwaka 1973. Kisa kimetoka kwa Božena Němcová, mwanamke wa karne ya 19 aliyekusanya ngano za watu wake na kuziandika upya kwa kalamu nzuri sana.

Humo hutaona boga linalogeuka gari. Kuna njugu tatu za mti wa mwituni zilizoangushwa kutoka kwenye kiota: moja ina nguo za kuwindia, nyingine gauni la dansi, ya mwisho gauni la harusi. Njugu zinampa nguo tu. Kulenga shabaha, kupanda farasi na kujibizana na mtoto wa mfalme anafanya mwenyewe.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote iko kwenye dansi. Popelka amefunika uso kwa shela. Mtoto wa mfalme anataka kumwoa papo hapo, na yeye badala ya kutaja jina anamtegea kitendawili: mashavu yana majivu, lakini si msafisha dohani, kofia ina unyoya na upinde uko begani, lakini si mwindaji, gauni limetariziwa fedha na linaburura chini, lakini si binti mfalme. Ni nani? Kijana anashindwa. Kwetu angeambiwa atoe mji. Yeye inambidi apande farasi usiku uleule amfuate aliyemshinda.

Kuhusu theluji: kisa kilipangwa kipigwe picha kiangazi. Lakini filamu ilikuwa ya ubia kati ya studio za Barrandov za Prague na DEFA ya Ujerumani Mashariki, na Wajerumani walikuwa na nafasi na mafundi majira ya baridi. Ikabidi kila kitu kihamie kwenye baridi, hata maleba ya Theodor Pištěk, fundi ambaye baadaye alipata Oscar kwa maleba ya *Amadeus*. Theluji ya kweli haikutosha, wakamwaga ya bandia, na waigizaji wamesimulia jinsi ilivyonuka kwa sababu ya unga wa samaki. Tazama nyuso zao mbele ya kasri la Moritzburg uone kama utagundua.

Nimesikia aliyeandika filamu hiyo alifichwa jina. Ni kweli? (Msomaji wa Mombasa)

Ni kweli, na kwangu hili ndilo jambo la kwanza la kujua kuhusu filamu hizi. Mwandishi ni František Pavlíček. Baada ya vifaru vya Urusi na washirika wake kuingia Chekoslovakia Agosti 1968, alipigwa marufuku kufanya kazi yake. Mwenzake, Bohumila Zelenková, akakubali jina lake liandikwe badala ya la Pavlíček. Siri ingefichuka, angeumia yeye pia. Ndiyo maana jina lake linapopita kwenye skrini mimi hulisoma taratibu.

Hali hiyo ilikuwa na matokeo ambayo nadhani wenye mamlaka hawakuyatarajia. Ngano ilionekana ni mambo ya watoto, kwa hiyo haikubanwa kama filamu za maisha ya siku hizo. Watu wenye vipaji waliozibiwa kwingine wakapata pa kupumulia humo, na mtoto wa Kicheki akapewa mwandishi wa watu wazima, mpiga picha wa watu wazima na muziki wa Karel Svoboda, vyote bila kazi ya kulipua.

Lakini msidhani mapenzi ya Wacheki kwa filamu za ngano yalianza hapo. *Pyšná princezna*, kisa cha binti mfalme mwenye kiburi, ilitoka mwaka 1952 na kuuza tiketi zaidi ya milioni 8, katika nchi ya watu kama milioni 12. Haijapata kushindwa na filamu yoyote ya Kicheki. Miaka michache baadaye ikaja *Byl jednou jeden král*, maneno ambayo kwetu ni "Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme". Binti mdogo anamwambia baba yake kwamba anampenda kama chumvi. Baba anakasirika, na ufalme mzima unakuja kujua chakula bila chumvi kina ladha gani.

Mbona mashetani wao wanachekesha? Mwanangu anawapenda, mimi nina wasiwasi. (Mama wa Nakuru)

Dada yangu, usiwe na hofu sana. Shetani wa ngano za Kicheki, *čert*, ni kama mtumishi wa ofisi ya serikali: ana mkubwa wake, ana zamu, anatumwa duniani kumfuata mkosaji, na mara nyingi anapigwa chenga na mwanajeshi mstaafu au mtoto wa msaga nafaka. Katika *S čerty nejsou žerty* ya mwaka 1984, anayetisha kweli ni mama wa kambo mwenye tamaa, na mashetani wanakuja kumchukua. Watoto wa huko wamemzoea tangu wadogo. Jioni ya tarehe 5 Desemba, mtakatifu Mikuláš hupita nyumba kwa nyumba na malaika na shetani mwenye minyororo, na mtoto akighani shairi anapewa zawadi.

Nataka za kihistoria, si ngano. Nianze na ipi? (Msomaji wa Shinyanga)

Wengi watakutajia *Marketa Lazarová* ya František Vláčil, ya mwaka 1967, na mwaka 1998 wahakiki wa Kicheki waliichagua kuwa filamu yao bora ya nyakati zote. Ni ya karne ya 13, rangi nyeusi na nyeupe, na waigizaji waliishi porini Šumava majira ya baridi hadi matambara yakawakaa mwilini kama nguo zao. Ni kubwa kweli, lakini ni ngumu, kisa kinaruka mbele na nyuma. Isikuvunje moyo mwanzoni.

Wewe ndugu wa Shinyanga, anza na *Kladivo na čarodějnice*, "Nyundo ya Wachawi", ya Otakar Vávra, mwaka 1970. Kikongwe ombaomba anapokea komunyo kanisani, hamezi, anaificha ili ampelekee mwenzake ambaye ng'ombe wake hatoi maziwa. Mtumishi wa altare anamwona. Hapo ndipo analetwa Boblig, hakimu mstaafu mwenye njaa ya mali, na kila anayeteswa analazimishwa kutaja wengine. Haya yalitokea kaskazini mwa Moravia, upande wa mashariki wa nchi ya Wacheki, huko Velké Losiny na Šumperk, kuanzia mwaka 1678, na takriban watu 100 wakapoteza maisha. Padri Lautner aliyejaribu kuwatetea alichomwa moto mwaka 1685. Vávra alichota maneno mengi ya mahakamani kwenye kumbukumbu za kesi zenyewe.

Watazamaji wa Prague hawakuona karne ya 17 peke yake. Waliona kesi za kisiasa za Wakomunisti za miaka ya 1950, mtu akikiri mbele ya umma maneno aliyokaririshwa gerezani, na haikuchukua muda filamu ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Sisi tuliowahi kusikia kikongwe akinyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu tutaona jingine pia. Usiwape watoto filamu hii.

Filamu tatu za awali za Vávra kuhusu Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415, na Jan Žižka, jemadari wa wafuasi wake, za mwaka 1954 hadi 1956, zina vita vya kupendeza macho, ila historia humo imevalishwa sare ya chama cha Kikomunisti kilichotawala.

*Perinbaba* ni ya Kicheki? (Msomaji wa Muscat)

Hapana, filamu hiyo ya ngano ni ya Kislovakia, ya Juraj Jakubisko, mwaka 1985. Nchi ilikuwa moja hadi mwisho wa 1992.

Watoto wangu hawajui Kicheki na tafsiri ya Kiswahili sijaiona. Tutazitazamaje? (Baba wa Dodoma)

Wanorwei walikuwa na shida hiyohiyo. Runinga yao ya taifa ilimweka mtu mmoja, Knut Risan, asome maneno ya wote, mfalme, mama wa kambo na Popelka, huku sauti za waigizaji zikisikika kwa chini. Ingekuwa kasoro, lakini leo Krismasi ya Norwei haijakamilika bila sauti hiyo asubuhi ya mkesha. Sisi tuliokulia vibanda umiza na sauti ya msimulizi Lufufu, au ya DJ Afro kwa wa Kenya, hatuhitaji kufafanuliwa. Hata Wacheki wenyewe hawamsikii Pavel Trávníček akisema kama mtoto wa mfalme. Lafudhi yake ya Moravia haikukubaliwa, mwigizaji mwingine akamsemea.

Kwa hiyo baba, tazama kwanza peke yako na maandishi ya Kiingereza, kisha kaa na watoto uwasimulie kwa sauti yako. Mkifika kwenye dansi, Popelka akishamaliza kutega, simamisha picha. Waache wategue.