Ruta tatu kwenye faiba moja: anwani zigawiwe na ruta moja tu

Ndugu yangu, umeuliza kama inawezekana kufunga ruta tatu katika nyumba yenye faiba moja, kwa kuwa waifai ya sebuleni haifiki vyumba vya uani. Inawezekana, nami nimeishi na mpangilio huo kwa miaka mitatu.

Uzi wenyewe wa faiba usiuguse. Kisanduku alichokifunga fundi wa kampuni, ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa mawasiliano ya waya wa kawaida, kimesajiliwa kwao kwa namba yake, hivyo ukinunua kingine na kukichomeka mwenyewe hakitatambuliwa. Kinachogawanywa ni kile kinachotoka kwenye matundu yake ya LAN, yaani yale ya kuunganishia vifaa vya nyumbani.

Niliponunua ruta ya pili, nilivuta waya kutoka tundu la LAN la ile ya kwanza hadi tundu la LAN la ile mpya, bila kubadili chochote. Jioni ile simu yangu ilikuwa na intaneti na televisheni haina. Nikiizima televisheni na kuiwasha inapata, halafu kompyuta ya mtoto inakosa. Siku mbili nzima nilimlaumu mtoa huduma bure. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa na anwani ileile (namba inayokitambulisha kifaa ndani ya mtandao), 192.168.1.1, na zote zilikuwa zikigawa anwani kwa vifaa, kila kifaa kikishika jibu lililowahi kufika.

Kwa hiyo, kabla ya kuiunganisha ruta ya pili, ichomeke kwenye kompyuta ikiwa peke yake, uingie katika ukurasa wake wa mipangilio, uipe anwani 192.168.1.2, kisha uzime DHCP, yaani ile huduma ya kugawa anwani. Hakikisha tu kwamba ruta kuu, yaani ile ya kwanza, haigawi anwani hiyo kwa kifaa kingine. Yangu niliiamuru ianzie 192.168.1.10. Baada ya hapo unganisha LAN kwa LAN, tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, likae tupu. Ya tatu ipe 192.168.1.3. Jina la waifai na nenosiri viwe vilevile kote, ila kwa masafa ya 2.4 GHz kila ruta iwe na chaneli yake: 1, 6 na 11.

Waya nao usiudharau. Tumia waya wa daraja la Cat5e au zaidi, usizidi mita 100, na ukague vichwa vyake kabla fundi hajaondoka. Wangu alibana nyuzi nne tu kati ya nane, na kasi ya uani ikagota Mbps 100 ingawa ruta zote mbili zilikuwa za gigabiti, yaani Mbps 1000. Niligundua nilipokitazama kichwa kwenye mwanga wa dirisha: nyuzi za buluu na za kahawia hazimo. (Na ruta tatu, bila shaka, haziongezi kifurushi ulicholipia.)

Ikiwa chumba kimojawapo cha uani kina mpangaji, hapo mambo hubadilika. Ruta yake ichomeke kupitia WAN, DHCP yake ibaki ikifanya kazi, na anwani yake iwe ya kundi jingine, tuseme 192.168.2.1. Wewe hutaviona vifaa vyake kirahisi, lakini yeye bado anaweza kuifikia printa yako na kamera zako, kwa kuwa njia yake ya kutokea inapita katika mtandao wako. Kama hilo linakukera, tazama kama ruta kuu inakuruhusu kulitenga tundu lake la LAN kwa VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya ruta ileile) kabla hujampa waya.