Kipupwe kilikausha gari letu

"Mkubwa, seli zangu za hidrojeni zinatoa nguvu dakika kumi, halafu zinazima. Ninunue betri nyingine?" Ujumbe huu umenifikia juzi kutoka kwa kijana wa Bukavu. Niliusoma mara tatu, maana mwaka jana swali hilo lilikuwa langu.

Gari letu tulilichomelea kwa mabomba ya chuma katika garaji moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Nguvu yake inatoka kwenye rundo la seli 40 zinazopozwa kwa hewa; kila moja huunganisha hidrojeni na oksijeni ya hewa, ikatoa umeme na maji. Kila seli ikibeba mzigo hutoa kama volti 0.65, zote pamoja volti 26. Msimu wa mvua lilikwenda vizuri. Mwezi wa saba likagoma mbele ya wageni tuliowaalika sisi wenyewe: volti zikashuka hadi 19, rundo likapata joto kupita kiasi, nami nikaamuru feni iongezwe kasi. Likazima kabisa. Mzee ninayemheshimu akasema mbele ya wote kwamba huu ni mchezo wa watoto. Bado inaniuma.

Wenzangu wawili waliondoka. Nikabaki na multimita, kifaa cha kupimia umeme, nikapima seli moja moja kwa siku tatu. Karibu zote zilikuwa hoi, lakini ya 23 ilikuwa chini ya sifuri: seli nyingine zilikuwa zikiisukuma kinyume, nayo ikiungua. Utando wa katikati ya seli hupitisha protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji, ukiwa na unyevu tu. Ukikauka, hukataa, na ukaidi huo hugeuka joto. Hewa ya kipupwe chetu ni kavu mno, na feni inayopoza ndiyo inayoleta oksijeni. Nilipoiongeza kasi nilikuwa naanika utando kama kapenta.

Toyota Mirai ya 2014, gari la hidrojeni, huzungusha maji yanayozaliwa ndani ya seli zake ili utando usikauke. Sisi tuliweka gunia lililoloweshwa mbele ya tundu la hewa, tukapunguza feni, tukaitoa seli ya 23, kisha tukapaka povu la sabuni kila kiungo ili kuona panapovuja, kwa sababu hidrojeni ikifika asilimia 4 tu hewani inaweza kuwaka. Jumamosi iliyopita gari limezunguka uwanja mara sita. Nililia, sioni haya.

Vijana, tunakimbilia kununua kabla ya kupima! Jumla ya volti huficha mgonjwa mmoja kati ya 40. Pima kila seli. Usiseme huna muda. Mimi pia nilisema hivyo, nikaunguza seli.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Bukavu, betri iache. Pima seli zote gari likiwa na mzigo, asubuhi na mchana, unitumie namba zote.