Maswali ya Wasomaji: Injini ya EFI kwenye Pikapu ya Kabureta

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Kibaigwa. Ninayo pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1986 yenye injini ya 3Y ya kabureta, ambayo huitumia kuleta mahindi sokoni kutoka vijijini. Siku hizi inakula petroli kupita kiasi, plagi zinakuwa nyeusi, inatoa moshi wa bluu na inachoka kwenye vilima. Fundi wangu ananishauri ninunue injini ya mtumba ya 3RZ-FE kutoka Dar es Salaam, na anasema kazi ni ndogo kwa kuwa zote ni Toyota. Je, nimsikilize?
Msomaji, Kibaigwa, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, salamu zimefika. Fundi wako amechagua injini nzuri, lakini kuhusu udogo wa kazi hatukubaliani naye hata kidogo. Injini ya 3Y ina ujazo wa cc 1998 na 3RZ-FE ina cc 2694, hivyo kwa gari la magunia tofauti utaiona tangu kilima cha kwanza. Isitoshe, mji wa Dodoma, ulio mkoani kwako, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani ikiletwa huku huzidisha petroli, na plagi huanza kushika masizi. 3RZ-FE haina kabureta, bali hutumia EFI, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa na kompyuta, ambao hupima hewa inayoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo.

Hata hivyo, kabla hujatoa fedha yoyote, mwambie fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ya hiyo 3Y. Plagi nyeusi peke yake inaweza kuwa dalili ya jeti (vitundu vya petroli vya kabureta) zilizolika, floti (boya la kabureta) iliyopanda au eya klina iliyoziba kwa vumbi, na hayo yote hutibika kwa gharama ndogo. Moshi wa bluu ndio unaotutia shaka, kwa sababu huo ni oili inayoungua ndani ya injini, na kabureta haihusiki nao. Ikiwa kompresheni imeshuka kweli, basi una sababu ya kuendelea.

Ukifika dukani usikubali kuuziwa bloku tupu, hata kama bei inavutia. Gia boksi ya 3Y haifungiki moja kwa moja nyuma ya 3RZ-FE, kwa hiyo dai injini pamoja na gia boksi yake ya mkono, kontroli boksi (kompyuta ya injini), sensa zote, rilei, na waya zikiwa zimeshikana na soketi zake bila kukatwa. Uliza pia injini ilitoka kwenye gari la namna gani. Kontroli boksi ya gari la gia otomatiki huitafuta gia boksi ambayo wewe hutakuwa nayo, na ile yenye ulinzi wa ufunguo haitaruhusu injini kuwaka bila ufunguo wake wa asili. Tazama na sampu ya oili (bakuli la chini ya injini), kwani umbo lake hutofautiana kati ya gari na gari, na isiyolingana na chesisi yako itagonga chini. Maunti (vishikio vya injini) zitachomelewa upya na propela shafti huenda ikahitaji kukatwa au kuongezwa urefu. Hizo ni kazi za kawaida kwa fundi mzuri wa kuchomelea.

Kinachotusumbua zaidi ni mafuta na umeme, kwa kuwa hapo ndipo gari linapoweza kuwaka moto. Pampu ya zamani husukuma petroli kwa takribani psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo), ilhali EFI huhitaji karibu psi 40. Mipira ya mafuta ya zamani na klipu zake haikutengenezwa kwa msukumo huo, na mpira ukipasuka jirani na ekzosi ya moto hutapata nafasi ya kujuta. Weka mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya EFI, filta yake, pamoja na bomba la kurudisha petroli tenkini. Usimruhusu fundi umeme aiunganishe pampu moja kwa moja na swichi, kwa maana injini ikizimika kwenye ajali pampu lazima ikate yenyewe. Siku ya kukabidhiwa gari, fungua swichi bila kupiga stata, kisha sogeza sikio karibu na tenki: ukisikia pampu inaendelea kunguruma bila kukoma, lirudishe gari kwa fundi huyo huyo. Kontroli boksi ikae ndani ya kabini, mbali na joto na vumbi, na waya mnene wa ethi utoke kwenye bloku hadi kwenye chesisi mahali palipokwanguliwa rangi.

Kwa nguvu mpya utahitaji pia rejeta inayotosha na breki zilizokaguliwa. Kisha, kwa kuwa kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake, nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) ukiwa na risiti ya ununuzi ili taarifa zibadilishwe, na uifahamishe kampuni ya bima.

SWALI: Nilifunga injini ya EFI kwenye pikapu yangu ya zamani. Inakwenda vizuri, lakini tenki likifika robo nikiwa napanda mlima, injini inakata ghafla. Nimebadilisha pampu na tatizo halijaisha. Nifanye nini?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Tunaamini kwamba pampu yako ni nzima. Gari linapopanda, petroli hukimbilia upande mmoja wa tenki na mdomo wa kuvutia hubaki hewani. Zamani hukuliona hilo kwa sababu bakuli la kabureta lilikuwa na akiba ya kuipitisha injini kwenye sekunde hizo chache. EFI haina akiba hiyo, na hewa ikiingia kwenye pampu injini hukata papo hapo. Mwambie fundi afunge tenki dogo la kati, linalojazwa na pampu ya msukumo mdogo kutoka tenki kubwa, na pampu ya EFI ivute kutoka hilo dogo, huku petroli inayorudi kutoka kwenye injini ikiishia humo humo. Kabla ya kazi hiyo aliteremshe tenki kubwa na kulisafisha kutu, na wewe kwa sasa usiliache lishuke chini ya nusu unapopanda milima.