Ua mkubwa kwa awamu: anza na maji, malizia na ukoka

Kama umeshahamia na nyuma ya nyumba umebaki na eneo kubwa la udongo mtupu, usiogope kwamba huna fedha ya kulimaliza kwa mkupuo. Wengi tunatengeneza ua kidogo kidogo, na unapendeza vilevile. Cha kuzingatia ni mpangilio, ili kazi ya mwaka huu isije ikavunjwa na kazi ya mwakani.

Ua wangu uko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, kwa hiyo ninayoyasema ni ya huku kwetu: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Kabla hujanunua hata toroli moja ya kokoto, subiri mvua kubwa, utoke nje inaponyesha. Tazama maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi. Chomeka vijiti hapo hapo. Piga na hesabu ya bati: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lenye mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 50, yanashuka kama lita 7,500. Maji hayo lazima yawe na pa kwenda, iwe tangi, mtaro au shimo la kokoto, na yasiishie kwa jirani wa bondeni.

Awamu ya kwanza basi ni mitaro, kusawazisha, na ukuta wa kuzuia udongo kama una mteremko. Kwenye huo ukuta usimruhusu fundi aruke matundu ya kutolea maji. Nyuma yake zijazwe kokoto, ndipo udongo ufuate. Kuta nyingi huku vilimani zinasukumwa na maji yaliyofungiwa nyuma yake. Udongo mweusi wa juu, wenye rutuba, ukwanguliwe kwanza na urundikwe pembeni. Ukishafukiwa chini ya kifusi, utakuja kununua mwingine kwa lori.

Katika awamu hiyo hiyo laza mabomba matupu ya plastiki kila mahali unapodhani njia itapita, hata kama taa za bustani ni ndoto ya mbali. Ziba ncha zake mchanga usiingie. Kabla ya kufukia, tandaza futi ya kupimia kutoka kwenye kona ya nyumba hadi kwenye bomba, upige picha namba zikionekana. Picha hizo ni mali. Fundi umeme akija baadaye anapitisha waya bila kung'oa chochote.

Miti ya kivuli nayo usiiache ya mwisho, kwa sababu mti hauharakishwi kwa fedha. Usawa wa ardhi ukishajulikana, panda. Mwembe upe nafasi ya mita nane au kumi kutoka kwenye nyumba. Fikasi zinauzwa vitaluni zikiwa ndogo na za kuvutia, lakini mizizi yake hufuata unyevu mpaka kwenye chemba na shimo la maji taka. Mimi singeipanda kwenye kiwanja cha kawaida.

Pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandika uani, ndiyo awamu inayomeza fedha, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Uimara wake uko chini, usipouona. Kifusi kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kinyunyiziwe maji, kishindiliwe kwa kompakta (mashine ya kushindilia), ndipo tabaka jingine lije. Kabla mchanga haujamwagwa, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu zako zote: kikiacha alama, mwambie fundi arudie. Mchanga wa kulalia uwe sentimita 3 hadi 5 na usitumike kuficha mabonde ya kifusi, maana hapo ndipo pevingi zitadidimia. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Hakiki mwenyewe kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, ukiwa na fundi. Pembeni zifungwe na kabstoni (mawe ya zege ya ukingoni) zilizokaa kwenye zege, la sivyo pevingi zitatawanyika taratibu. Pevingi za unene wa milimita 60 zinatosha kwa miguu, ila gari linapopita weka za 80.

Anzia nyuma kabisa, ukirudi kuelekea getini. Njia ya lori ibaki ya udongo hadi tripu ya mwisho ya mchanga na samadi iwe imeshashushwa.

Kila awamu ifungwe kabla ya mvua, na udongo usibaki wazi. Sehemu inayosubiri fedha panda matembele: yanafunika ardhi upesi, yanashika udongo, na mboga unachuma. Kwenye kingo kali, nyasi ya vetiva inafanya kazi nzuri zaidi kwa sababu mizizi yake inashuka wima na kwenda mbali chini.

Ukoka uje mwisho. Ng'oa matembele, rudisha ule udongo mweusi uliourundika, changanya samadi iliyoiva, sawazisha kwa reki, kisha pandikiza vipando mvua za kwanza za masika zinapoanza. Vikikaribiana vinafunga mapema na magugu hayapati upenyo, kwa hiyo kama vipando ni vichache, maliza kipande kidogo vizuri. Mwaka unaofuata utachukua vipando humo humo kwenye ua wako, bila kununua.