Muulize Mwalimu: Wasifu wa nesi wa misheni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya usharika huku juu Marangu. Tumepata taarifa kwamba nesi wetu Mjerumani, aliyehudumu kwenye zahanati ya misheni kuanzia 1968 hadi 1995, amefariki kwao akiwa na miaka 91, na ameshazikwa huko huko. Tunaandaa ibada ya kumbukumbu, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa dakika kumi. Nimejaza kurasa tatu, lakini nikisoma naona ungeweza kuwa wasifu wa mtu yeyote: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, alituletea nuru gizani. Wazee wawili wamenionya nisitaje ukali wake, na alikuwa mkali kweli. Mama aliyechelewa kliniki alirudishwa na mtoto wake mgongoni. Niandike nini? Na je, tuweke jiwe la kumbukumbu? (Mama yangu alikuwa mhudumu pale, ndiye aliyekuwa akimtafsiria Kichagga, ila naye ametangulia, kwa hiyo sina wa kumuuliza.) – Katibu, Marangu

JIBU: Marahaba, Katibu, na poleni kwa msiba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama kwenye mabano. Umemficha mama yako humo. Mzungu kafika Marangu hajui hata salamu, anamuuliza mzazi maumivu yalianza saa ngapi, na anayejibu ni mama yako. Wasifu wako uanzie hapo.

Nimefundisha historia hapa Moshi miaka 34. Kila mwaka niliandika ubaoni: Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, 11 Mei 1848, aliona theluji ya Kilimanjaro. Wanafunzi walikariri, wakajibu mtihani, basi. Miaka ya mwishomwisho ndipo nilipoanza kuongeza jina la Bwana Kheri, kiongozi wa msafara, Mswahili aliyezijua njia za kuja Uchaggani kabla ya mmisionari huyo kukanyaga huku. Nikaongeza pia kipande ambacho mtihani haukuuliza. Baada ya safari zake Rebmann aliendelea kuishi Rabai, karibu na Mombasa, akiandika kamusi za lugha za watu. Mkewe alifariki 1866. Macho yakafifia hadi yakazima. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 Afrika, alisafiri kwenda Ujerumani akiongozwa na Mkristo wa Rabai aliyeitwa Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata akafa. Wengi huandika "alirejea kwao". Kipofu harejei hivihivi, mwalimu wangu wa Kiswahili angesema. Anarejeshwa, kashikwa mkono. Nilipolisema hilo darasani, hata wale wa dawati la nyuma walinyamaza.

Ile "nuru gizani" ifute. Nesi wenu alifika 1968. KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilikuwa imeundwa tangu 1963, na mkuu wake alikuwa Askofu Stefano Moshi, mzaliwa wa Kotela hapo jirani yenu. Bibi wa watu aliwakuta kanisani mnaimba! Alichowaletea ni mikono yake, na sijui kwa nini tunaona hiyo ni sifa ndogo.

Kuhusu ukali, wazee wako wanaogopa bure. Baba yangu alikuwa mwinjilisti Old Moshi. Alipofariki niliandika wasifu mzuri, wa kunyooka, na watu wakanipongeza. Nje ya kanisa mzee mmoja akanivuta pembeni: "Mbona hukutaja baiskeli?" Baba alikuwa na baiskeli iliyobebea wagonjwa wa mtaa mzima kuteremka hospitali, na ikirudi na pancha aliyeiazima alifokewa mpaka akaomba radhi kwa Mungu pia. Niliona aibu kuutaja ule mdomo wake, nikaukata. Bila mdomo, na baiskeli ikapotea. Hadi leo linaniuma.

Kwa hiyo andika kwamba aliwarudisha akina mama. Lakini kwanza uliza kama walirudi kweli, au walikaa chini ya mti hadi hasira zikapoa akawaita. Watafute bibi watatu waliojifungulia pale. Usiende na daftari, nenda na sukari na majani ya chai. Usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani", watakujibu mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu. Waulize ni neno gani la Kichagga alikuwa akilikosea. Mzungu aliyejifunza lugha yetu lazima kuna neno aliloliharibu, na kijiji hakijalisahau. Mambo mengine yatafuata yenyewe.

Kukosekana kwa jeneza kusikusumbue. Mwone mchungaji mapema, iwe ibada ya shukrani, kisha machalari, ndizi zetu za nyama, kwa wote.

Sasa jiwe. Kule Akeri, Meru, waliuawa wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, Oktoba 1896. Majina yao yanajulikana hadi leo. Usiku ule waliuawa pia Wachagga waliofuatana nao kutoka huku Kilimanjaro. Nimeuliza majina yao kwa wazee wa pande zote mbili, Meru na Machame, na bado sijampata wa kunitajia hata moja. Baadaye jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi, na Wameru na Waarusha waliokufa humo nao sijui nani atawachongea.

Kama kamati ina hela, chongeni, ila yawe majina mawili, la nesi na la mama yako. Wakikuuliza kwa nini unampendelea mzazi wako, waambie ni mimi niliyesema. Na ile picha ya kuweka mbele kanisani, msiikuze ile ya pasipoti. Tafuteni waliyopigwa wote wawili pale zahanati, hata kama imefifia.