Kibali cha mazishi si cheti cha kifo

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilipomaliza cha sita nikaenda stesheneri kuomba mkopo wa chuo, na kwenye sehemu ya kuthibitisha uyatima nikapandisha karatasi pekee tuliyokuwa nayo nyumbani: kibali cha mazishi, kilichokunjwa mara nne mpaka kikatoboka katikati. Kijana wa stesheneri hakuuliza kitu. Mimi nilijua nini? Kilikuwa na jina la marehemu na muhuri.

Awamu ya kwanza sikuwemo. Ya pili sikuwemo. Nyumbani wakasema waliopata wana watu wao, nami nikaamini. Nikaripoti chuoni hivyo hivyo, nikabebwa na rafiki, tukilala wawili kitanda kimoja, na wenzangu waliposaini boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, mimi nikajifanya nina usingizi. Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeitazama fomu yangu kwa dakika moja: "Dogo, hiki ni kibali cha kuzikia. Cheti cha kifo kiko wapi?" Mama alifuatilia cheti, nikakata rufaa, nikapata.

Tangu hapo kila mwaka wadogo zangu wa mtaani huniletea fomu zao. Kwa ninayoyaona, wengi wanaokosa huwa na shida ya kweli, ila shida yenyewe haionekani kwenye karatasi. Bodi ya Mikopo haimjui mama yako anayeuza maandazi. Inachokiona ni kile ulichopandisha kwenye mfumo.

Kwa hiyo usingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinatakiwa vihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kwa Zanzibar ni wakala wa usajili wa huko, ZCSRA, na uhakiki huo ndio unaokula muda. Kama mzazi alifariki na hamkuwahi kuchukua cheti, nenda na kile kibali ofisi ya mkuu wa wilaya, ndiko msajili wa RITA aliko. Fanya hivyo ukiwa bado kidato cha sita. Agosti utakuta foleni ya watu wenye haraka kama yako.

Majina nayo yanaumiza watu. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alikuwa "Rehema" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Rehma" kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja! Tulizunguka na kiapo kwa wakili karibu wiki mbili. Toa vyeti vyako vyote leo, vitandaze mezani, soma herufi kwa herufi, pamoja na jina la mzazi.

Waliorudia mtihani wawe makini zaidi: namba ya kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea udahili. Ukichanganya, mfumo unakuona watu wawili. Kaya yenu ikiwa kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, andika namba ya kaya. Nimekutana na watoto wanaoona aibu kuitaja, wakati huo ni ushahidi wa hali yenu uliokwisha kuhakikiwa. Halafu kuna saini za serikali ya mtaa, mdhamini na wakili au hakimu. Hapo kosa ni dogo tu, mtu anasahau ukurasa mmoja.

Ukikosa awamu zote, dirisha la rufaa litafunguliwa. Usiandike barua ya kulia. Peleka kile kilichopungua.

Nikiri kwamba milango imepanuka kuliko enzi zetu. Tangu 2023/24 hata wa stashahada, kwa fani zilizochaguliwa, wanaomba. Posho ya chakula na malazi ilipanda 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Nafurahi. Ila mimi naona bajeti pekee haitoshi, maana anayebanwa zaidi na makaratasi ni yule yatima wa kijijini ambaye nauli ya kwenda wilayani ni mtihani. Ada ya maombi tu ni 30,000. Laiti mtendaji wa kijiji angekuwa anawaita watoto wa kidato cha sita likizo ya Desemba, akague vyeti vyao pale pale ofisini.

Na mkopo ni deni, tusidanganyane. Ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikivimbisha deni letu ilifutwa 2021, siku ile ofisini kwetu watu walipiga vigelegele. Bado kila mwezi natazama salio kwenye salari slipu yangu, na kile kibali cha baba nimekiweka kwenye faili moja na cheti chake.