Kabla Hujapanga Nyumba Mlimani Mwanza, Upande Mlima Huo Siku ya Mvua

Nyumba yangu ya kwanza Mwanza ilikuwa Igogo, juu kabisa, katikati ya mawe. Dalali alinipeleka mwezi wa saba, saa nane mchana. Njia kavu, upepo wa ziwani unapuliza, na ukikaa barazani Ziwa Victoria lote liko mbele yako. Nikalipa kodi ya miezi sita palepale.

Mvua za vuli zilipoanza mwezi wa kumi ndipo nilipoijua ile nyumba. Miamba ya huku hainywi maji. Yakidondoka yanateremka saa hiyohiyo, na njia niliyokuwa nashukia ndiyo ilikuwa mfereji wake. Mvua nyingi zilinikuta alfajiri, wakati wa kwenda kazini. Nilikuwa nashuka viatu mkononi, mtoto mgongoni, napapasa kwa vidole vya miguu nitafute jiwe lisiloteleza. Bodaboda hawapandi njia ikilowa, na siwalaumu.

Nikifika Barabara ya Kenyatta napanda daladala hadi mjini, halafu naunganisha ya Nyakato, ninakofanya kazi. Hapo safari ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu Barabara ya Nyerere inapita Mabatini, na Mto Mirongo ukijaa foleni haisogei. Siku kavu nilitumia dakika 40. Siku ya mvua, saa mbili, na mshahara ukakatwa mara mbili kwa kuchelewa.

Kwa hiyo ukitaka nyumba mlimani, usiende kuiona mchana. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ikiwezekana siku iliyonyesha, ushuke kwa miguu hadi kituoni huku unatazama saa. Jioni rudi, upande ukiwa na mzigo wa sokoni. Zunguka nyuma ya nyumba: ukutani kukiwa na mstari wa udongo, maji hufika pale. Uangalie na mwamba ulioegemea chumba cha kulala. Ukipigwa na jua kutwa unatunza joto, na usiku wa manane ukiweka kiganja ukutani utadhani kuna jiko upande wa pili.

Mambo ya maji muulize jirani, usimuulize dalali. Presha ya bomba inapungua kadiri unavyopanda, na ndoo ya kubebewa hadi juu ina bei yake. Muulize pia mgonjwa akizidiwa usiku wanamshushaje. Mimi sikuuliza, na usiku mmoja tulimbeba mama wa nyumba ya pili kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, tochi za simu mdomoni.

Sasa naishi Mabatini, mlimani vilevile, maana upepo wa juu naupenda. Ila safari hii nilihesabu kwanza: ngazi 64 za zege hadi barabarani, na asubuhi wengi wanaelekea mjini wakati mimi naenda Nyakato, kwa hiyo kiti napata. Jana imenyesha tangu saa kumi alfajiri. Nimeshuka na viatu mguuni.